Maktaba Iliyonukia Ndimu

Kwanza niwaambie habari ya harufu. Watu wa hapa Ifakara ukiwauliza ile maktaba ilikuwaje, mmoja atakwambia madirisha, mwingine atakwambia magazeti. Mimi nakwambia ilinukia ndimu. Na hizo ndimu nilikuwa nazikata mimi.

Majina sitaji. Wengine wamelala, wengine wapo na midomo yao mirefu kuliko wangu. Mimi nasema, mjukuu wangu anaandika kwenye kauntabuku lake la chuo, maana mimi shule niliishia darasa la pili. Nilitolewa nikawinge ndege, mpunga ulikuwa unaiva, na nyumbani kwetu mwenye sauti kali alikuwa mimi. Kusoma nilikuja kukukuta ukubwani, kwenye madarasa ya kisomo. Herufi zote nazijua na naziunganisha, ila naenda polepole, kama mtu mwenye mwiba mguuni. Nimemwambia mjukuu aandike ninavyosema, asininyooshee.

Na humu ndani kuna jambo hajawahi kulisikia. Linahusu kadi ya maktaba iliyokuwa na mwandiko wa mama yake. Yeye mama yake hamjui, alimwacha wa miezi saba. Kadi ile ndiyo kitu pekee kilichokuwa kimebaki ambacho mkono wa mama yake ulikigusa ukaacha alama. Yeye anajua kadi ilipotea. Ilivyopotea hajui. Nitafika huko, msiniharakishe.

Maktaba yenyewe ilianza ikiwa ghala. Ghala la zamani la mpunga, ukuta mnene, bati lina kutu, milango miwili mikubwa ya kupitishia magunia. Mpunga ulipohamishiwa kwingine likabaki tupu, popo wakahamia, na sisi wapita njia tukawa tunatishia watoto kwamba mle mna nyoka. Halafu siku moja wakaja mafundi. Wakatoa kinyesi cha popo, wakapaka chokaa, na seremala mmoja mzee akaanza kutengeneza rafu za mbao za mtiki, nzito hasa. Watu wakawa wanasimama mlangoni kumuuliza vile vitanda vyembamba anamtengenezea nani. Yeye akajibu ni vya wageni wasiokoroma.

Vitabu vikaja kwa lori, ndani ya maboksi, na lori lenyewe lilikwama njiani mara mbili maana ilikuwa masika. Sisi wanawake tulidhani ni ofisi. Tulijua ukitaka kuingia lazima uwe na barua ya mwenyekiti, na ukishaingia utaulizwa kitu usichokijua. Kwa hiyo hatukuingia. Waliingia walimu, wakaingia wanafunzi, na wakaingia wavuvi wa Kivukoni kusoma magazeti ya mpira, hata kama gazeti lilifika limechelewa siku tatu na mechi yenyewe imeshasahaulika. Walikuwa wanabishana kwa kunong'ona. Umewahi kuona wavuvi wanabishana mpira kwa kunong'ona? Mishipa ya shingo inawatoka, sauti haitoki.

Aliyewanong'onesha ni mtunza vitabu. Alikuwa mwalimu mstaafu wa upande wa Mahenge, mwembamba, suruali ameipiga pasi mpaka unaogopa kumkaribia usije ukajikata. Tulimwita mwalimu tu. Sharti lake lilikuwa moja, mikono. Unafika mlangoni, unanyoosha viganja, anainama, ananusa. Ndiyo, ananusa. Kwa nchi ya samaki kama hii, mtu anayenusa mikono ni mtu wa kuchekwa, na tulimcheka kweli. Nusu ya mji alikuwa anairudisha nyumbani.

Sasa mwanangu. Nilikuwa na binti mmoja. Baba yake alikuwa mvuvi, tulikaa Kivukoni enzi za pantoni, kabla ya daraja. Mtoto alikuwa anaparua samaki kabla ya shule na baada ya shule. Siku aliyokwenda maktaba mara ya kwanza, mwalimu akanusa viganja akamwambia, "Binti, mikono yako imetoka mtoni sasa hivi."

Naye akamjibu, "Hata miguu, mwalimu. Ila miguu haishiki kitabu."

Akarudishwa. Mwingine angelia. Yeye akaenda sokoni, akaokota ndimu iliyoanguka chini ya meza ya mtu, akaiponda, akajisugua mpaka kwenye viwiko, akarudi kupanga foleni upya. Mwalimu akanusa, akanusa tena, akasogea pembeni. Jumatatu iliyofuata mlangoni kukawa na beseni la maji, majivu kwenye kopo, na ndimu zilizokatwa. Na ilipotakiwa mtu wa kufagia na kuangalia lile beseni, binti akanitaja mimi. Ndivyo nilivyoingia maktaba, nikiwa na kisu na ndimu. Ile barua ya mwenyekiti hakuna aliyeniuliza.

Miaka ile nilifurahi, sidanganyi. Nafagia, nakata ndimu, nawapangia watu foleni. Watu wazima, wanaume wenye ndevu, wananinyooshea viganja kama wanaomba Ekaristi. Mwalimu akipata nafasi ananisomesha kidogo, neno moja, mawili. Na binti anakuja kila Jumamosi kukaa dirishani.

Kitabu chake kilikuwa kimoja. Vingine alivisoma, lakini hicho alikiazima, akakirudisha, akakiazima tena. Kilikuwa kitabu cha ukataji nguo. Kola inakatwaje, mkono unaungwaje begani, gauni la mtoto linapimwaje. Alikuwa ananakili ile michoro kwenye madaftari. Alitaka kuwa fundi cherehani, na cherehani hatuna, hata ya kuazima. Nilimuuliza, mwanangu, unakata nguo hewani? Akasema ndiyo mama, nikipata cherehani nitakuwa nimeshamaliza kukata.

Sasa naeleza kadi, sikilizeni vizuri. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake, imekaa kwenye kifuko kule nyuma. Ukiazima, unaandika jina lako kwenye kadi, kadi inabaki kwa mwalimu ndani ya boksi la mbao, kitabu kinaondoka na wewe. Ukikirudisha, kadi inarudi kifukoni. Kwa hiyo kadi zilizomo kwenye boksi ni za vitabu vilivyo nje, vinatembea kwa watu. Kadi ya kitabu cha ukataji nguo ilikuwa na jina la mwanangu mara saba, mstari baada ya mstari, na hapakuwa na jina la mtu mwingine.

Na alikuwa na namna yake ya kuandika. Jina lake linaishia na a. Ile a hakuiacha hivi hivi. Aliutoa mkia, akauburuta kurudi nyuma chini ya jina zima, kisha mwishoni akaukunja juu kidogo, kama mkia wa kenge anapoingia majini. Shuleni alichapwa kwa ajili ya mkia ule. Hakuuacha.

Akaolewa Masagati. Masagati ni mbali, unafika Mlimba kwanza, halafu ndiyo unaanza safari. Mume alikuwa kijana mzuri wa shamba, sina neno naye. Mwanangu akaondoka na kitabu. Alimwambia mwalimu atakirudisha akija kujifungulia kwetu. Hakuja, mvua zilikuwa nyingi, akajifungulia kulekule. Mtoto alipofika miezi saba mama yake akashikwa na homa. Walimbeba kumpeleka Mlimba. Hawakufika Mlimba.

Hapo nisimame kidogo. Huyu anayeandika naye amesimama.

Haya. Nilikwenda kwenye msiba. Siku za matanga nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu, kuni mbichi, moto haushiki, mtu akanipa makaratasi nikawashia. Kesho yake ndiyo nikaona jalada limebaki pembeni ya mafiga, jina limeshaungua, nikalijua. Yalikuwa madaftari yake. Michoro yake yote ya kola na mikono nimepikia maharage ya msiba. Nilichukua lile jalada nikalipeleka kwa mkwe wangu, baba mkwe wa binti, nikamuuliza basi kile kitabu cha maktaba kiko wapi, nikirudishe angalau hicho. Wakati huo akasema vitu vya marehemu bado havijagawiwa. Nilikuja kujua baada ya mwaka, nilipokwenda kumwona mtoto. Mzee yule alinikalisha, akaniletea togwa, akasema, "Mkwe, sikufichi. Kile kitabu nimekivuta."

Vitu vya marehemu vilipogawiwa, kitabu hakikupata mwenyewe, akapewa yeye kama mkubwa. Karatasi yake ilikuwa laini, tumbaku inakaa vizuri. Alikivuta msimu mzima, ukurasa kwa ukurasa, makola na mikono na magauni ya watoto. Alikuwa anasema kwa aibu kweli, ameinamisha kichwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka mpaka togwa likamwagika, halafu nikawa nalia, halafu sikujua tena ni kipi nafanya.

Niliporudi Ifakara nikaenda moja kwa moja kwenye lile boksi. Kadi ipo. Jina mara saba, mikia saba. Ndipo nikaelewa kwamba duniani kote hakuna pengine penye mkono wa mwanangu ila hapo. Picha hatukuwa nayo. Madaftari nimewasha mimi, kitabu amevuta mkwe.

Lakini mwalimu alikuwa na taratibu zake. Kitabu kikithibitika kimepotea, kadi yake inachanwa. Nilimwona akichana nyingine mwisho wa mwaka, vipande vinne, kwenye ndoo, na ndoo hiyo namwaga mimi. Siku aliyofikia kadi ya mwanangu akainua macho akaniuliza kwa upole, mama, hiki cha ukataji nguo vipi. Nikamwambia kiko Masagati, salama, kimefungwa kwenye sanduku, barabara tu ndiyo mbaya. Akarudisha kadi ndani ya boksi.

Mwaka uliofuata nikasema kivuko kimebomoka. Mwaka mwingine nikasema mtu aliyekileta alipitiliza na treni, akaenda nacho, kikarudishwa Masagati. Mwaka mwingine mkwe anaumwa na ufunguo wa sanduku anao yeye. Jamani, kile kitabu kilisafiri. Hakuna mtu wa bonde hili aliyesumbuka na barabara kama kile kitabu. Na mwalimu kila mara ananisikiliza mpaka mwisho, anasema pole, anarudisha kadi.

Kwa nini sikuiomba? Nilifikiri mara nyingi. Nilikuwa nafagia pale, kadi naiona kila siku, ningeificha kwenye kanga na nani angejua. Lakini mimi ndiye niliyekuwa natoa watoto mlangoni kwa kuchana ukurasa mmoja. Nikichukua kadi, kesho nitamwambia nani asiibe? Na kuomba ni kusema kitabu kimekufa, na kikifa kadi inachanwa. Nilishikwa hapo katikati.

Mtoto akawa anakua Masagati kwa baba yake. Nilipokwenda wakati wa mavuno, alikuwa darasa la kwanza, akaniuliza mama yake alikuwaje. Nikamwambia alikuwa anaandika jina lake lina mkia. Akacheka, akasema jina halina mkia. Nikamwambia hili linao, na siku utakayokuja kukaa kwangu, ukaanza darasa la tatu pale mjini, nitakupeleka ukalione mwenyewe. Alinishika na ahadi hiyo. Kila mtu aliyetoka Masagati alikuwa ananiletea salamu zake na swali moja, je, mkia bado upo?

Mwaka ambao alikuwa aje baada ya Pasaka, mvua ilinyesha kama imetumwa. Mwalimu akapata msiba kwao Mahenge, akaondoka, akaniachia funguo. Siku mbili baadaye mto Lumemo ukatoka kitandani kwake. Mimi nilishahamia mtaa wa Viwanja Sitini, baba yake binti alikuwa ameshafariki. Asubuhi nikakunja kanga nikatembea ndani ya maji mpaka maktaba. Nilipofungua mlango, meza ya mwalimu ilikuwa inaelea. Rafu mbili za chini zimezama. Na lile boksi limepinduka, kadi zimetawanyika juu ya maji kama maua siku ya maandamano ya Ekaristi.

Niliziokota zote, moja moja, mpaka kiuno kikafa ganzi. Ya mwanangu niliipata nyuma ya mlango. Imelowa, lakini mikia yote saba inasomeka. Nilisimama pale nikaihesabu kwa kidole.

Maji yalipungua siku iliyofuata, na jua likatoka kali, lile jua la baada ya mafuriko. Mwalimu hayupo, barabara ya Mahenge imekatika, simu yake haipatikani. Wanawake wa jirani wakaja na majamvi na maturubai, wakasimama wananiangalia mimi. Mwenye funguo ni mimi. Nikasema tuanike.

Sasa, sisi watu wa bonde hili kuna kitu kimoja tunajua, na hicho ni mpunga. Mpunga hauachwi juani kutwa. Unauanika asubuhi, unaugeuza kwa miguu, na jua likisimama kichwani unaukusanya chungu moja unaufunika turubai upumzike. Ukiuacha jua la saa saba liupige, unapasuka ndani kwa ndani, na ukifika mashineni unatoka chenga. Mchele mzima mrefu ule mnaousifia huko kwenu, unatokana na kupumzishwa. Hata msichana mdogo hapa anajua.

Basi nikaamuru vitabu viwe hivyo hivyo. Asubuhi tumevitandaza, tumevigeuza. Saa sita nikasema kusanyeni, funikeni. Jirani yangu mmoja, mcheshi kupita kiasi, akaniuliza, "Dada, karatasi nayo inapumzika? Si tuviache vikauke kabisa?"

Nikamwambia, "Ndiyo maana wali wako, chenga tupu, tunaulia kijiko."

Wanawake wakacheka, hata yeye akacheka, akafunika. Neno lake ndilo lililokuwa sawa. Nalisikia mpaka leo.

Kadi sikuzichanganya na vitabu. Nilizianika peke yangu, upepo usizipeperushe. Saa sita nikazipanga vizuri zikakaa sawa, nikazifunga na utepe wa kanga, nikaziweka katikati ya chungu ya vitabu, pale pa moyoni. Ya mwanangu niliiweka katikati ya kadi zote. Hapo ndipo tunapoweka mpunga wa mbegu, ule hutaki uguswe na umande wala jua. Nilikipa kile kitu heshima ya mwisho ninayoijua.

Tulifanya hivyo siku tatu. Siku ya pili sikuzifungua kadi, nilizigusa kwa juu nikaona zina joto, nikafurahi. Mpunga ukiwa na joto unapumua. Siku ya tatu tulipofunua turubai, mvuke ukatupiga usoni kama tumefunua sufuria. Harufu ikaja. Haikuwa ya ndimu. Vitabu vimeshikana vimekuwa matofali, vina ukungu wa kijani, vile vya karatasi ya kung'aa ukivifungua vinaacha ngozi. Jirani yangu hakusema nilikwambia. Alianza tu kukunja majamvi.

Nilichukua zile kadi nikaenda kukaa nyuma ya jengo. Zilikuwa kipande kimoja. Nilijaribu ukucha, nikajaribu kisu changu cha ndimu. Nilipofika katikati, kadi ya mwanangu ikafunguka, lakini uso wake ulibaki umeganda kwenye mgongo wa kadi ya juu. Nikageuza ile ya juu nione kama jina lipo huko. Kulikuwa na madoa ya bluu tu na nyuzi za karatasi. Nikasugua kwa kidole, na hayo madoa nayo yakatoka.

Mwalimu alirudi baada ya siku nne. Alitembea ndani taratibu, akagusa rafu, akatoka akanikuta nimekaa pale pa beseni. Nikamweleza yote, kupumzisha, turubai, kadi. Nilimwambia anifukuze. Akakaa kwenye ngazi na ile suruali yake, kwenye matope, mara ya kwanza namwona hivyo. Akasema kama angekuwepo hajui angefanya nini, labda angefunika pia, na yeye ni mtu wa mpunga. Kisha nikaona nimalize. Nikamwambia na kile kitabu cha Masagati, mwalimu, miaka yote nilikuwa nakudanganya.

Akasema, "Kilivutwa, mama. Nilijua tangu mwaka wa kwanza, mkweo alinitumia salamu za kuomba radhi."

Nikamuuliza mbona hakuichana kadi.

"Ningeichanaje, na wewe ndiye unayemwaga ndoo?"

Akainuka akaanza kubeba matofali ya vitabu kuyapeleka shimoni.

Mtoto akaja baada ya Pasaka, na sanduku lake la bati, na kabla hajanywa maji akaniuliza tunakwenda lini. Nikamwambia mafuriko yamechukua. Akauliza yamechukua jengo? Nikasema jengo lipo, yamechukua kadi. Aliangalia upande wa mto, siku nyingi alikuwa anaangalia upande wa mto, na mara moja nilimkuta anaununia Lumemo kwa hasira ya kitoto, anaurushia mawe. Mto wa watu. Nikamwacha aurushie. Ilikuwa rahisi kwangu mto urushiwe mawe.

Maktaba haikuinuka tena. Rafu za juu zilibaki na vitabu kidogo, mwalimu akafungua mwaka mmoja na nusu zaidi, watu wachache, halafu akaugua, akarudi kwao Mahenge, akafia huko. Vitabu vilivyobaki vikapelekwa shule moja vikawekwa kabatini. Rafu za mtiki sijui zilikwenda wapi, labda kuna mtu analalia. Siku hizi mle ndani wanauza dawa za magugu na pampu za kupulizia. Nilipita mwezi uliopita kununua dawa ya shamba, kijana wa dukani akashangaa bibi ananyoosha viganja mlangoni. Mkono ulinyooka wenyewe. Nilicheka nikamwambia nanyoosha mifupa.

Basi ndiyo hilo, mjukuu wangu. Si mto. Mto uliniletea ile kadi nyuma ya mlango, nzima, inasomeka. Niliyeifunika ni mimi. Andika hivyo hivyo.

Ameandika. Ameweka kalamu chini, ametoka nje, nimemsikia anachota maji, anamwagia mchicha ambao tulishaumwagia asubuhi. Amekaa huko. Mimi nimebaki na kauntabuku, nasoma neno moja moja kuona kama ameniandika kweli. Ameniandika.

Aliporudi hakuniambia neno la turubai. Akakaa, mikono bado ina maji, akauliza, "Bibi, ule mkia ulianzia wapi? Ulitoka juu ya a au chini?"

Nikamwambia chini. Akanipa kalamu.

Mimi kalamu sijaishika miaka. Nikaandika jina la mwanangu, lile nisilolitaja, herufi zinapishana kama mbuzi. Nikafika kwenye a, nikauburuta mkia kurudi nyuma. Mkia ukapita katikati ya jina kama nimelikata. Sio hivi, nikasema. Nikaandika tena. Safari hii mkia ulikaa chini, lakini ulikuwa mfupi, haukufika herufi ya kwanza, na pale mwishoni sikujua ulikunjwa kiasi gani. Nilifumba macho nikaitafuta ile kadi. Niliona beseni, niliona dirisha, nikaona hata ndimu.

Karibu, nikamwambia. Ulikuwa karibu na hivi.

Ameuchana ule ukurasa taratibu kwa rula, na sijamuuliza anauweka wapi.